Kukagua boti ya chuma bila kuikata: mwongozo kamili kwa mafundi na wenye vyombo wa Kigoma

Boti ikishapandishwa kwenye chelezo, yaani mahali pa kutengenezea vyombo nchi kavu, kila siku inayopita ni hasara kwa mwenye chombo. Mizigo inachukuliwa na wengine, mabaharia wanaendelea kula, na fundi anasubiriwa ajibu maswali mawili: pleti (mabamba ya chuma ya boti) zimebaki nene kiasi gani, na weldi (mishono iliyochomelewa) zinashika? Njia iliyozoeleka ni kutoboa tundu kwa drili, kupima unene kwa vernia (rula ya kubana yenye kipimo kidogo), kisha kuliziba tundu kwa kuchomelea. Jibu lake ni la kweli, ila ni la sehemu moja isiyozidi ukubwa wa kidole, na linaacha kidonda kwenye pleti iliyokuwa nzima.

Upimaji usioharibu, ambao wengi kazini wanauita NDT tu, unajibu maswali hayohayo na chuma kikabaki kama kilivyokuwa. Mwongozo huu unashughulika zaidi na njia ambazo fundi wa Kigoma anaweza kuzifanya au kuzisimamia mwenyewe, na unazigusa kwa ufupi zile zinazohitaji kuita wenye leseni. Mfano ni boti ya chuma kwa sababu ndiyo kazi ya huku ziwani, lakini tangi la mafuta au chasi ya lori la Kasulu vinakaguliwa kwa mpangilio uleule.

Anza na kasoro, mashine baadaye

Mwenye kipimo cha unene hupenda kupima unene, hata pale ambapo kinachotafutwa ni ufa. Ukifanya hivyo utajaza karatasi tatu za namba na ufa utabaki palepale. Kwanza jiulize kasoro gani inaweza kuwepo mahali hapo, kutokana na kazi ya sehemu hiyo. Kitako cha injini kinatikiswa saa zote, kwa hiyo tafuta ufa kwenye weldi zake. Pleti ya chini ya ngama (tumbo la boti, maji yanakokusanyika) inalowa mwaka mzima, kwa hiyo tafuta upungufu wa unene. Tangi la dizeli linavuja, kwa hiyo tafuta njia ya kupita kimiminika.

Ufa uliofika juu ya chuma unaonekana kwa rangi ya kupenya au kwa sumaku. Ufa uliojificha kidogo chini ya uso unaweza kuonekana kwa sumaku, lakini rangi ya kupenya haitauona kabisa, kwa sababu haina mlango wa kuingilia. Upungufu wa unene ni kazi ya mawimbi ya sauti. Kasoro za katikati ya weldi nene zinahitaji mawimbi ya sauti ya kuingia kwa pembe, au mionzi. Hakuna njia moja inayotosha zote, na anayekuuzia kifaa akakuambia kinaona kila kitu, mwache aende zake.

Matayarisho, ambayo ndiyo nusu ya kazi

Tafuta mchoro wa boti. Kama haupo, na mara nyingi haupo, chora mwenyewe ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na sakafu, ukiweka fremu (mbavu za boti) na mistari ya weldi. Zipe fremu namba kuanzia omo (mbele) kwenda tezi (nyuma), uziandike kwa chaki ya mafuta kwenye chuma chenyewe. Muulize mwenye boti au aliyeijenga unene wa pleti za mwanzo. Usipoujua, pima sehemu isiyopata maji, kwa mfano juu ya mstari wa maji ndani ya chumba kikavu, uichukue kama rejea huku ukiandika wazi kwamba ni makadirio.

Kusafisha ndiko kunakowashinda wengi. Rangi, magamba ya kutu, mafuta na mwani vinatoka vyote kwenye eneo la kupimwa. Lakini angalia unasafisha kwa nini. Grinda yenye diski nzito, au kupiga mchanga kwa nguvu, kunaweza kuukandamiza uso wa chuma na kuufunga mdomo wa ufa. Ukija na rangi ya kupenya haitaingia, nawe utasaini kwamba weldi ni nzima. Kwenye weldi utakazozikagua kwa rangi tumia brashi ya waya ya mkono na kiyeyushi, na ukilazimika kutumia grinda malizia kwa diski laini ya msasa bila kukandamiza.

Kabla mtu hajaingia ngamani, fungua vifuniko na upulize hewa. Kutu hula oksijeni, na chumba cha chuma kilichofungwa miezi kadhaa kinaweza kumwangusha mtu bila harufu yoyote ya kumwonya. Kama kuna kipimo cha gesi, kitumie. Mtu mmoja abaki nje akimwona aliye ndani, na asiingie peke yake kumfuata akianguka. Tangi la mafuta halikaribiwi na moto wala kifaa cha umeme mpaka lisafishwe na kuhakikishwa halina mvuke.

Macho

Ukaguzi wa macho unadharauliwa kwa sababu hauna mashine, na ndio unaokamata kasoro nyingi kuliko zote. Una masharti yake. Jicho liwe ndani ya milimita 600 kutoka kwenye chuma, likitazama kwa pembe isiyopungua nyuzi 30 kutoka usawa wa pleti. Mwanga uwe wa kutosha. Viwango vya kimataifa vya kukagua weldi vinataka angalau luksi 350 (luksi ni kipimo cha mwanga) na vinapendekeza 500. Tochi nzuri ya LED inafikia hapo, tochi ya simu ndani ya ngama haifiki ukiishika mbali. Isogeze pia ubavuni, mwanga ulale juu ya chuma: kishimo kisichoonekana ukimulika kwa mbele kinatupa kivuli ukimulika kwa upande.

Kwenye weldi tazama kingo kwanza. Mfereji uliochimbika pembeni mwa mshono, pale pleti ilipoyeyuka na haikujazwa, ndiko ufa wa uchovu wa chuma, yaani unaoletwa na kutikiswa muda mrefu, unakopenda kuanzia. Kisha tazama mwanzo na mwisho wa kila mshono. Fundi akiinua elektrodi (kijiti cha kuchomelea) haraka huacha kishimo chenye ufa mdogo wa umbo la nyota. Matundu ya gesi, slagi (ganda la kuchomelea) iliyobaki, michirizi ya elektrodi kwenye pleti ya jirani, vyote viandikwe. Weldi ya kona pima mguu wake, yaani upana uliolala kwenye pleti, kwa geji: mguu wa milimita 6 unatoa koo (unene kutoka konani hadi uso wa weldi) la kama milimita 4.2, na koo ndilo linalobeba mzigo. Mshono ulionona kwa macho unaweza kuwa na mguu mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili.

Kutu nayo ina alama zake. Mchirizi wa kutu unaotoka kwenye rangi nzima, mstari mwembamba wa kahawia uliofuata kingo za weldi, mara nyingi ni ufa unaopumua. Uzungushie duara la chaki, utarudi nao baadaye.

Nyundo, kwa vyombo vya ribiti

Vyombo vya zamani havikuchomelewa; pleti zake ziliungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zilizopigwa vichwa. Mfano ni meli ya Liemba: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, na vipande vikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapa Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito, na ndiyo sababu mojawapo ilifaa tena baada ya miaka chini ya maji.

Kwa ribiti, weka kidole upande mmoja wa kichwa na ugonge upande wa pili kwa nyundo ndogo. Ribiti iliyokaza inalia kwa sauti kavu na kidole hakisikii kitu; iliyolegea inatoa mlio mzito, na kidole kinasikia mtikisiko. Kwenye pleti nyembamba nyundo inakuambia pia wapi kutu imekula, ila usiipige kwa hasira, unaweza kuitoboa pleti ukiwa ndiyo kwanza unaikagua.

Chaki na mafuta ya taa

Hii ni njia ya kutafuta mvujo kwenye weldi, na vifaa vyake vinapatikana duka lolote. Koroga unga wa chaki na maji, upake upande mmoja wa mshono, uache ukauke kabisa. Upande wa pili paka mafuta ya taa kwa brashi, urudie kila yanapokauka. Mafuta ya taa ni mepesi na hupenya pale ambapo maji hayapiti. Subiri angalau nusu saa, na kwa pleti nene saa kadhaa. Doa la mafuta likijitokeza kwenye chaki, hapo pana njia. Tazama tangu dakika za mwanzo, maana doa likishapanuka hutajua lilianzia wapi.

Wakagua reli wa zamani walikuwa na mbinu inayokaribiana na hiyo: eksili (mhimili wa magurudumu) ilitiwa mafuta, ikafutwa, ikapakwa chokaa nyeupe, na mafuta yaliyokuwa yamejificha ufani yakarudi nje na kuchora mstari. Rangi ya kupenya ya leo ni mtoto wa mbinu hiyo. Tofauti na mafuta ya taa ni kwamba kazi yote inafanyika upande mmoja wa chuma, na ufa hauhitaji kutobokea upande wa pili ili uonekane. Ukimaliza jaribio la mafuta ya taa, safisha vizuri kabla ya kuchomelea, vinginevyo weldi mpya itajaa matundu.

Rangi ya kupenya

Makopo ni matatu: kisafishio, rangi nyekundu, na developa nyeupe inayoivuta rangi itoke ufani. Yatoke kampuni moja na familia moja ya bidhaa, maana yameundwa yafanye kazi pamoja.

Pima joto la chuma kwanza. Kiwango cha kawaida ni kati ya nyuzi 10 na 50 za selsiasi. Kiangazi cha Kigoma, pleti iliyopigwa na jua la saa saba inaweza kuvuka 50 bila shida. Rangi itakauka ndani ya ufa na haitatoka tena. Fanya kazi asubuhi, lakini umande uwe umekauka, kwa sababu ufa uliojaa maji hauna nafasi ya rangi. Ikishindikana, weka turubai la kivuli na usubiri chuma kipoe.

Nyunyiza kisafishio, futa, acha kiyeyuke chote. Paka rangi nyekundu ifunike mshono na sentimita mbili tatu kila upande. Iache ikae dakika 10 hadi 30. Kwa ufa mwembamba wa uchovu kaa upande wa dakika nyingi. Isikauke; ikianza kukauka ongeza.

Sasa hatua inayoharibiwa kila siku. Futa rangi ya ziada kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, kisha kwa kitambaa ulichokinyunyizia kisafishio kidogo. Kisafishio kinapigwa kwenye kitambaa, kamwe kisipigwe moja kwa moja kwenye chuma, maana kitaingia ufani na kuiosha rangi uliyoisubiri nusu saa nzima. Futa mpaka kitambaa kibaki na uwaridi hafifu, basi.

Tikisa kopo la developa mpaka usikie kigololi kikicheza ndani, upulize kutoka sentimita 30 hivi, tabaka jembamba ambalo chuma bado kinaonekana kwa mbali. Tabaka nene linameza mstari mwembamba. Anza kutazama hapohapo, na utoe uamuzi baada ya dakika 10 hadi 30.

Kusoma alama kunataka subira. Tundu la gesi linatoa nukta inayotanuka kwa duara. Ufa unaanza kama uzi mwekundu uliokatikakatika, kisha vipande vinaungana. Kingo zake zina menomeno, na mstari unaokolea haraka na kusambaa unaashiria ufa wenye kina. Mstari ulionyooka kabisa kando ya mshono unaweza kuwa mfereji wa pembeni ambao hukuufuta vizuri. Ukitilia shaka, futa mstari kwa kitambaa chenye kisafishio kidogo, puliza developa tena. Rangi ikirudi, kuna shimo linaloihifadhi. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni.

Mvuke wa makopo haya unashika moto na unalevya. Ndani ya ngama puliza hewa muda wote, na sigara ibaki nje.

Sumaku

Kama chuma kinashikwa na sumaku, njia hii ina kasi kuliko rangi na inavumilia ufa uliojaa uchafu. Haifanyi kazi kwenye alumini wala kwenye stenlesi za kawaida zisizoshikwa na sumaku. Kifaa chake ni yoki, mfano wa sumaku yenye miguu miwili. Kila siku kabla ya kuanza, ijaribu kwa kuinua kipande cha chuma: yoki ya umeme wa AC iinue kilo 4.5, ya DC au ya kudumu iinue kilo 18. Ikishindwa, haitumiki siku hiyo.

Paka rangi nyeupe nyembamba ya kutofautisha, bana miguu ya yoki pande mbili za eneo, washa, na unyunyizie wino wenye chembe nyeusi za chuma huku sumaku ikiwa imewaka. Chembe zitajipanga pale uwanja wa sumaku unapovuja. Kisha igeuze yoki nyuzi 90 na urudie palepale, kwa sababu ufa uliolala sambamba na mwelekeo wa sumaku hauonekani. Wanaopima mwelekeo mmoja wanafanya nusu ya kazi na kulipwa nzima. Ndani ya boti lenye maji tumia yoki ya betri au ya volti ndogo.

Kupima unene kwa mawimbi ya sauti

Kifaa kinapeleka sauti ya masafa ya juu, kwa kawaida megahezi 5, ndani ya pleti na kupima muda wa mwangwi kurudi. Sauti husafiri ndani ya chuma cha kawaida karibu mita 5,920 kwa sekunde, kwa hiyo pleti ya milimita 10 inarudisha mwangwi baada ya mikrosekunde 3.4 hivi (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Kifaa kinazidisha mwendo kwa muda na kugawa kwa mbili. Mwendo ukiwa umewekwa wa alumini, kila namba utakayoandika ni ya uongo.

Kwa hiyo rekebisha kifaa kwenye kipande chenye ngazi za unene unaojulikana, cha chuma cha aina ileile, ngazi moja nyembamba kuliko unachotarajia na nyingine nene kuliko hicho. Rudia kila saa moja au mbili, na kila unapobadili kichwa cha kupimia au betri. Paka jeli, maana hewa kati ya kichwa na chuma inazuia sauti. Kandamiza kwa nguvu zilezile, subiri namba itulie.

Kisha jihadhari na mambo haya. Rangi: sauti inakwenda ndani ya rangi chini ya nusu ya mwendo wake kwenye chuma, kwa hiyo milimita 1 ya rangi inaweza kusomeka kama zaidi ya milimita 2 za chuma, na pleti iliyochoka ikaonekana mpya. Kwangua rangi, au tumia kifaa kinachosoma kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili. Unene mdogo: pleti iliyobaki na milimita 1 na ushei inaweza kusomeka mara mbili. Namba nzuri kupita kiasi katikati ya kutu irudie kwa kichwa kidogo. Tabaka: pleti ya milimita 8 ikisoma 4 ghafla, kwa mpaka mkali, na uso wa ndani ni laini, huenda chuma kina tabaka lililogawanyika tangu kiwandani, usikimbilie kusema ni kutu.

Kwenye kila pleti chukua angalau pointi tano, ukiongeza kwenye mstari wa maji, chini ya injini, kuzunguka tundu la kuingizia maji ya kupoza na nyuma ya chochote kilichofunikwa na zege au mbao. Vishimo vya kutu havipatikani kwa pointi moja moja. Sogeza kichwa taratibu juu ya jeli na utazame namba ya chini kabisa. Kwenye bomba, geuza kichwa robo mzunguko na uchukue namba ndogo.

Tuseme pleti ya milimita 6 imetoa 5.7, 5.6, 5.8, 4.9 na 3.9. Wastani ni 5.18, yaani upungufu wa asilimia 14, na mwenye boti atafurahi. Lakini pointi ya tano imepoteza asilimia 35. Kanuni za ukaguzi wa vyombo mara nyingi huweka kikomo kati ya asilimia 20 na 30 kutegemea sehemu, na kikomo rasmi cha chombo chako kinatoka kwa mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Wastani usiutumie kuificha namba mbaya. Zunguka pointi hiyo, pima kila sentimita tano mpaka uipate mipaka ya ugonjwa, uichore kwenye pleti yenyewe. Hapo ndipo unapojua kama kinahitajika kiraka kidogo au pleti nzima.

Na kama una namba za miaka miwili nyuma za pointi hiyohiyo, tuseme 4.5, basi imekuwa ikipoteza milimita 0.3 kwa mwaka. Ndiyo sababu ya kuandika fremu na umbali kwa sentimita. "Chini ya injini" haitamsaidia atakayekuja baada yako.

Neno moja la pembeni: vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye boti za baharini ili viliwe na kutu badala ya pleti havilindi vizuri kwenye maji ya ziwa. Kwa maji yasiyo na chumvi magnesi hufanya kazi zaidi.

Ndani ya weldi nene

Kwa mshono unaobeba roho za watu na ulio mnene, kama mhimili wa kreni ya kunyanyulia mizigo au tangi la presha, uso hautoshi. Mawimbi ya sauti ya kuingia kwa pembe yanaona ufa na sehemu zisizoshikana, lakini msomaji wake awe na cheti. Mfumo wa kimataifa wa ISO 9712 unawapanga wapimaji katika ngazi tatu, na wa ngazi ya pili ndiye anayetafsiri matokeo na kutoa ripoti. Radiografia, yaani kupiga picha kwa mionzi, inatoa picha ya kudumu, na kwa chuma chanzo kinachotumika sana ni iridiamu-192, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 74. Vyanzo hivyo viko chini ya leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Wakija kupiga picha, eneo linafungwa kwa kamba na alama, na kila asiye wa kazi hiyo anaondoka chelezoni, pamoja na mpishi. Vyombo vya presha na vya kunyanyulia mizigo mahali pa kazi vina ukaguzi wao wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, pia.

Ripoti na matengenezo

Andika tarehe, jina la chombo, njia iliyotumika, kifaa na namba yake, ulivyorekebisha, joto la chuma, eneo lililokaguliwa na eneo ambalo hukulifikia. Hilo la mwisho liandike bila aibu. Mwenye boti akisema, "Fundi, andika tu ni nzima," mwonyeshe mchoro wenye sehemu ulizopaka nyekundu, umwachie nakala.

Ufa ukipatikana, usichomelee juu yake. Toboa tundu dogo kwenye kila ncha ili usiendelee, chimba ufa wote kwa grinda, kisha rudia rangi ya kupenya ndani ya mfereji uliouchimba. Mstari ukionekana bado, endelea kuchimba. Usipoonekana tena, osha rangi na developa zote, chomelea, acha chuma kipoe chenyewe, kisha kagua mshono mpya kwa njia ileile iliyoukamata ufa wa kwanza. Kwa vyuma vya nguvu kubwa au vinene zaidi ya milimita 25 subiri saa 48 kabla ya ukaguzi wa mwisho, maana ufa wa haidrojeni, unaoletwa na gesi hiyo ikiingia kwenye chuma wakati wa kuchomelea, hujitokeza baadaye.

Pleti mpya nayo pima unene wake pointi tano kabla haijapakwa rangi, na uziingize namba hizo kwenye mchoro siku hiyohiyo.